SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: BIMA, KOMPYUTA NA DAFTARI LA WANACHAMA



Makatibu kadhaa wa vyama vyetu vya msingi wameleta swali lililo moja, ingawa kila mmoja amelieleza kwa maneno yake. Wakala wa bima amefika ofisini, amekaribishwa chai, ameeleza faida za bima ya mazao, ya pikipiki au ya maisha, kisha ameomba kitu ambacho mawakala wa zamani hawakukiomba. Ameomba nakala ya daftari lote la wanachama, pamoja na namba zao za simu, ekari za kila mmoja, kilo alizouza kwa misimu mitano, na mikopo aliyochukua na jinsi alivyoirejesha. Ameahidi kwamba chama kitakachotoa taarifa hizo kitapunguziwa ada. Je, katibu atoe au asitoe?

Swali hili haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au siyo ya haraka haraka. Anayekataa bila kuelewa huenda akawanyima wanachama bima nzuri. Na anayekubali bila kuelewa huenda akawa ameuza kitu kisichokuwa chake. Kwa hiyo katika somo hili tutaeleza kwanza kwa nini makampuni ya bima yanazitafuta taarifa za watu kwa bidii kubwa namna hii, yanazifanyia nini, na mwenye bima hupata faida gani au hasara gani. Mambo mengi tutakayoyataja yametokea Marekani na Ulaya, kwa sababu huko ndiko kazi hii ilikoanza mapema na ndiko yalikofichuliwa mengi. Lakini yamekwisha kufika pia katika nchi zetu, kama tutakavyoona.

BIMA NI KUCHANGIANA

Tuchukue mfano rahisi, na inafaa kikundi cha kujisomea kiufanye kwa kalamu na karatasi. Wanachama 1,000 wana pikipiki 1,000, kila moja ikiwa na thamani ya shilingi 3,000,000. Kwa uzoefu wa miaka mingi inajulikana kwamba kila mwaka pikipiki 20 huibwa na hazipatikani tena. Hasara ya mwaka basi ni shilingi 60,000,000. Wote wakichanga sawa, kila mmoja atatoa shilingi 60,000, na wale 20 watakaoibiwa watalipwa thamani kamili. Gharama za ofisi tuziweke kando kwa sasa.

Mpango huu unasimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni kwamba jumla inajulikana: pikipiki 20. Ya pili ni kwamba majina hayajulikani. Hakuna ajuaye ni nani atakayeamka kesho na kukuta kamba imekatwa. Kwa kuwa hofu ni ya wote, mchango nao ni wa wote. Mwanaushirika hahitaji kuelezwa zaidi jambo hili. Ndilo lile lile la chama cha kuzikana na la kusaidiana wakati wa mavuno. Si ajabu kwamba washirika wa Rochdale huko Uingereza walianzisha kampuni yao ya bima mwaka 1867, wala kwamba wenzetu wa Kenya, walioanza na wakala wa bima chini ya shirikisho lao la ushirika mwaka 1968, walipata leseni ya kampuni kamili mwaka 1978.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba bima ya zamani ilikuwa haipimi watu. Mwaka 1693 Edmond Halley, yule mtaalamu wa nyota ambaye jina lake limepewa nyotamkia, alichapa jedwali la vifo vya mji wa Breslau likionyesha ni watu wangapi wa umri fulani hubaki hai mwaka hata mwaka. Tangu mwaka 1762 kilikuwako London chama cha bima ya maisha kilichotoza ada kwa kufuata umri wa mwanachama. Mzee alilipa zaidi ya kijana, na hakuna aliyeona ubaya. Basi kupima si jambo geni. Jambo geni ni wingi wa vinavyopimwa, na kwamba mara nyingi mtu hupimwa bila kuulizwa.

Wakala wa zamani alijaza fomu ya maswali kumi au ishirini, nawe ukayajua maswali hayo kwa kuwa uliyajibu mwenyewe. Siku hizi taarifa hukusanywa kutoka katika simu ya mkononi, kadi ya duka, benki, mitambo iliyomo ndani ya gari, saa zinazohesabu mapigo ya moyo, picha za setilaiti, na madaftari ya mikopo. Kompyuta huzichanganya zote, ikatafuta uhusiano ambao mwanadamu asingeweza kuuona: kwamba watu wa namna fulani, wanaoishi mahali fulani na kununua vitu fulani, huleta madai mengi kuliko wengine. Kompyuta haisemi kwa nini. Inasema tu kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zilizopita.

HESABU INAPOGAWANYWA

Turudi kwenye pikipiki zetu. Tuseme kampuni imepata taarifa nyingi, nayo imegundua kwamba wanachama 700 hulaza pikipiki zao ndani ya nyumba zenye kufuli, na katika wizi 20 wa mwaka, 7 tu ndio huwapata hao. Wengine 300 hupatwa na wizi 13. Sasa kampuni inatoza makundi mawili. Wale 700 wanagawana hasara ya shilingi 21,000,000, yaani shilingi 30,000 kila mtu. Wale 300 wanagawana shilingi 39,000,000, yaani shilingi 130,000 kila mtu.

Wanachama 700 watafurahi sana, na watawaambia jirani zao kwamba kampuni hii ni nzuri. Lakini jumlisheni tena: 21,000,000 na 39,000,000 ni 60,000,000 ile ile. Pikipiki zilizoibwa ni 20 zile zile. Uchambuzi wote ule haukumzuia mwizi hata mmoja. Umehamisha mzigo tu kutoka bega hili kwenda bega lile, na kuna gharama ya kuununua uchambuzi wenyewe, ambayo italipwa na wenye bima.

Kompyuta haitakoma hapo. Ndani ya wale 300 inaona watu 20 wanaopanga vyumba katika mtaa mmoja wenye wizi mwingi, na watu hao peke yao hupatwa na wizi 8. Hasara yao ni shilingi 24,000,000, na ada ya kila mmoja inakuwa shilingi 1,200,000 kwa mwaka kwa pikipiki ya shilingi 3,000,000. Nani atailipa? Hakuna. Watu hao 20 wataondoka katika bima, na ndio hasa waliokuwa wakiihitaji kuliko wote. Waliobaki 280 wanafikiwa na kiasi cha shilingi 53,600 kila mmoja, nao wanaona unafuu.

Hapa ndipo penye kiini cha somo zima. Kadiri kampuni inavyojua zaidi kuhusu mtu mmoja mmoja, ndivyo kuchangiana kunavyopungua. Na kama ingejua kila kitu kwa hakika, kila mtu angelipia hasara yake mwenyewe kabla haijatokea, na bima isingekuwapo tena.

Najua mwanachama mmoja atainuka mkutanoni na kuuliza: mimi ninayefunga pikipiki yangu kwa mnyororo, kwa nini nimlipie mzembe? Hilo ni swali la haki na lisijibiwe kwa kelele. Ikiwa tofauti inatokana na tendo ambalo mtu aweza kulibadili, kumpunguzia ada aliye mwangalifu ni kumtia moyo, na huenda wizi wenyewe ukapungua. Lakini yule anayepanga chumba katika mtaa mbaya kwa kuwa hana kodi ya mtaa mzuri, ametenda kosa gani? Na yule ambaye baba yake alikufa kwa ugonjwa wa kurithi? Kompyuta haitofautishi kati ya uzembe na bahati mbaya. Kwake vyote viwili ni tarakimu.

YALIYOTOKEA MAREKANI

Nchini Marekani, tangu miaka ya 1990, makampuni mengi ya bima ya magari yamekuwa yakitazama historia ya mtu ya kulipa madeni. Mtu ambaye hajagonga hata kuku maishani mwake aweza kutozwa zaidi kwa sababu alichelewa kulipa hospitali au alipoteza kazi akashindwa kurejesha mkopo. Makampuni yanajitetea kwamba uhusiano upo: wenye alama mbaya za mikopo huleta madai mengi zaidi. Mwaka 2007 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilitoa ripoti iliyokiri kwamba alama hizo kweli hubashiri madai. Lakini ilionyesha pia kwamba Wamarekani weusi na wale wenye asili ya nchi za Kilatini walikuwa wengi mno katika kundi la alama za chini. Kipimo basi chaweza kuwa sahihi kwa hesabu na bado kikawarudisha watu wale wale chini ya mzigo ule ule. Majimbo ya California, Hawaii na Massachusetts hayaruhusu alama za mikopo zitumike katika bima ya magari. Huko California wapiga kura walipitisha wenyewe mwaka 1988 sheria inayotaka ada ifuate kwanza rekodi ya uendeshaji, umbali anaosafiri mtu kwa mwaka, na miaka yake ya uzoefu wa kuendesha.

Kisa kilichowashtua wengi zaidi kinahusu magari yenyewe. Kampuni ya General Motors ilikuwa imetia katika magari yake mtambo wa mawasiliano uitwao OnStar, na ndani yake huduma iliyoitwa Smart Driver, ambayo dereva alielezwa kuwa ni ya kumsaidia kujipima uendeshaji wake. Mwezi Machi 2024 gazeti la The New York Times lilifichua kwamba taarifa za safari za madereva zilikuwa zikipelekwa kwa makampuni mawili yanayofanya biashara ya taarifa, LexisNexis na Verisk, nayo yakiyauzia makampuni ya bima. Dereva mmoja aliyepandishiwa ada kwa asilimia 21 alipoomba kuona kilichoandikwa juu yake, aliletewa ripoti ya kurasa zaidi ya 250: kila safari, saa ya kuondoka na kufika, mwendo, na kila mara alipokanyaga breki kwa nguvu.

Tafakarini breki hiyo. Mtu hukanyaga breki kwa nguvu kwa sababu alikuwa hatazami barabara, au kwa sababu alikuwa anatazama sana na mtoto akakatiza ghafla. Mtambo huandika breki, hauandiki mtoto. Vivyo hivyo mtambo huhesabu safari za usiku wa manane kuwa za hatari, na kwa wastani ni kweli. Lakini muuguzi wa zamu ya usiku haendeshi saa hizo kwa anasa.

General Motors iliacha kupeleka taarifa hizo baada ya habari kuenea. Mwezi Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza hatua dhidi yake, ikieleza kwamba mahali gari lilipo palikuwa pakirekodiwa hata kila baada ya sekunde 3, na kwamba wateja hawakuelezwa wazi. Hatua hiyo ilikuwa ni kuizuia kampuni kwa miaka mitano isitoe taarifa za mahali gari lilipo na mwenendo wa dereva kwa mashirika yanayotengeneza ripoti za wateja. Jimbo la Texas nalo lilikwisha kuishtaki kampuni hiyo mwaka 2024. Madereva wengi walikuwa wamebonyeza kitufe cha kukubali siku ya kununua gari, muuzaji akiwa amesimama kando na ufunguo mkononi. Ukubali wa namna hiyo, kwa maoni yetu, ni sawa na mkulima kutia dole gumba kwenye karatasi asiyosomewa.

ADHABU YA UAMINIFU

Nchini Uingereza lilitokea jambo la namna nyingine, na makatibu walitazame kwa makini kwa kuwa linahusu tabia tunayoisifu: kukaa na mtoa huduma mmoja miaka mingi. Makampuni ya bima za nyumba na magari yalitumia takwimu zao kubashiri nani atahama iwapo ada itapanda, na nani atanyamaza akalipa. Mteja mpya aliwekewa bei ya chini ili avutike. Aliyekaa, hasa asiyependa kutafuta bei kwingine, aliongezewa kidogo kidogo kila mwaka. Hatari yake haikuongezeka hata kidogo. Nyumba ni ile ile na paa ni lile lile. Kilichopimwa si hatari bali uvumilivu wake.

Mamlaka ya usimamizi wa fedha ya nchi hiyo ilichunguza na kukuta kwamba wateja milioni 6 mwaka 2018 walikuwa wakilipa bei za juu, na kwamba wangeokoa pauni bilioni 1.2 kama wangetozwa wastani wa bei ya hatari zao. Tangu tarehe 1 Januari 2022 ni marufuku kumtoza mteja anayerudia bima ya nyumba au gari zaidi ya bei ambayo mteja mpya angetozwa. Huko Marekani pia, jimbo la California mwaka 2015 liliyaagiza makampuni yaache kupanga ada kwa kubashiri ustahimilivu wa mteja.

Habari nyingine ya Uingereza ni fupi lakini yafaa kukumbukwa. Mwaka 2016 kampuni ya bima ya Admiral ilikusudia kusoma maandishi ya vijana katika Facebook ili kujua tabia zao na kuwapangia punguzo la bima ya gari la kwanza. Facebook yenyewe ilikataa, mpango ukakwama. Na mwaka 2022 shirika la kuwashauri wananchi, Citizens Advice, lilieleza kwamba watu wasio weupe walikuwa wakilipa wastani wa pauni 250 zaidi kwa mwaka kwa bima ya gari. Makampuni hayaulizi rangi ya mtu. Kupanga ada kwa kufuata rangi ni haramu. Lakini anwani hutosha kusema mengi, na kompyuta iliyokatazwa kuingia mlangoni hupitia dirishani bila hata mwenye nyumba kukusudia.

Yako pia maeneo ambako sheria imeamua kwamba taarifa fulani, hata ikiwa ya kweli, isitumike. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2011 kwamba wanaume na wanawake wasitozwe ada tofauti kwa sababu ya jinsia, na uamuzi ukaanza kufuatwa Desemba 2012. Sheria ya Marekani ya 2008 inakataza bima ya afya kutumia vipimo vya urithi, ingawa haikugusa bima ya maisha. Na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 kuhusu akili bandia imeweka upangaji wa ada za bima ya maisha na afya katika kundi la kazi zenye hatari kubwa, zinazotakiwa kusimamiwa kwa ukali zaidi.

FAIDA ZIPO

Lingekuwa kosa kuandika haya tu. Iko kampuni ya Afrika Kusini ambayo huwapa bima ya maisha watu wenye virusi vya UKIMWI, watu ambao kwa miaka mingi walifungiwa mlango, kwa sharti kwamba wapimwe mara kwa mara na wafuate dawa zao. Hapa taarifa zimemwingiza mtu ndani ya bima badala ya kumtoa, na zimemsaidia kuishi.

Mfano wa karibu zaidi ni wa wafugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Mwaka 2010 ilianzishwa bima ya mifugo isiyohitaji mtu wa kwenda kuhesabu mizoga. Setilaiti hupiga picha na kupima ukijani wa ardhi. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, fidia hulipwa kwa kila mwenye bima wa eneo hilo. Malipo ya kwanza yalitolewa mwaka 2011, baada ya ukame mkali uliolipiga eneo lote la Pembe ya Afrika. Nani angeweza kuzunguka nyika ile yote akikagua ng'ombe waliokufa, na kwa gharama gani? Bila setilaiti bima ile isingewezekana. Katika mwaka uo huo wa 2010 wakulima wa Kenya walikuwa wamekwisha kuanza kuona bima za mvua zinazotegemea vituo vya hali ya hewa na malipo ya simu.

Lakini hata hapa pana mwiba. Setilaiti huona kijani, haioni majani yanayolika. Kichaka ambacho mbuzi hakigusi nacho ni kijani. Mvua yaweza kunyesha kwenye kituo cha kupimia na kulikwepa shamba lililo kilomita kumi kutoka hapo. Mfugaji aliyepoteza wanyama wake wote aweza kuambiwa kwamba kwa mujibu wa kipimo eneo lake halikupata ukame. Na mwingine asiyepoteza hata mmoja akalipwa. Wakala anayeuza bima ya namna hii bila kulieleza jambo hilo wazi, tena kwa lugha ya mnunuzi, anapanda chuki dhidi ya bima itakayodumu kizazi kizima. Katibu ndiye atakayelaumiwa, kwa kuwa wakala atakuwa amekwisha kuondoka.

Hata bima ya umma haikuachwa. Mfuko mpya wa bima ya afya wa Kenya, ulioanza kazi Oktoba 2024, humkata mwenye mshahara asilimia 2.75. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba yake na maisha yake, kisha kipato chake hukadiriwa kwa kanuni ya hesabu na mchango ukapangwa, usiopungua shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Yafaa kila anayekadiriwa hivyo ajue ni jibu lipi lililopandisha mchango wake, na ni kwa nani atalalamika.

SASA, LILE DAFTARI

Turudi kwa wakala aliyeko ofisini. Kwanza, ieleweke daftari ni la nani. Chama kinalitunza, lakini taarifa zilizomo ni za wanachama, na walizitoa kwa ajili ya kuuza mazao yao kupitia chama, si kwa ajili ya kupangiwa ada za bima. Nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lile lililosababisha zikusanywe, na mwenye taarifa anayo haki ya kuziona, kutaka zirekebishwe, na kupinga uamuzi mzito juu yake unaofanywa na mashine peke yake. Kenya na Uganda zimekuwa na sheria za aina hiyo tangu 2019, na Rwanda tangu 2021. Katibu anayetoa orodha yenye majina kwa ahadi ya punguzo, bila wanachama kujua, anaweza kujikuta yeye ndiye mwenye kesi.

Pili, na hili ndilo tungependa lijadiliwe sana, kampuni ya bima haihitaji majina ili kupanga ada ya kikundi. Inahitaji jumla. Chama chaweza kuandika: wanachama wetu ni 1,000, ekari zetu kwa jumla ni kadhaa, katika misimu mitano tumepata hasara ya ukame mara kadhaa na ya wadudu mara kadhaa, kilo zilizopotea ni hizi. Kwa karatasi moja ya namna hiyo mtaalamu wa bima hupata wastani wake, na chama huomba ada moja kwa wanachama wote. Hivyo wale 20 wa mtaa mbaya hawaonekani, wamo ndani ya elfu. Wote hulipa shilingi 60,000 zao. Ikiwa wanachama wanataka kuwapa motisha wenye kufuli, kamati yaweza kuamua yenyewe, kwa kura, ni punguzo gani litolewe na kwa tendo gani, badala ya kumwachia mtu wa mbali aamue kwa kanuni asiyoionyesha.

Tunakiri kwamba njia hii ina bei yake. Wale 700 wangepata kwingine kwa shilingi 30,000, na wakala mwerevu atawafuata mmoja mmoja kwa simu. Bima ya kikundi hudumu tu ikiwa waliobahatika hawatoki. Jambo hilo haliwezi kulindwa na sheria wala na sisi tunaoandika hapa. Litaamuliwa katika mkutano mkuu wa kila chama.

Tatu, ikiwa bima inayotolewa ni ya mtu mmoja mmoja na haina budi kuwa na taarifa zake, kila mwanachama aulizwe mwenyewe, asomewe, na aweze kukataa bila kunyimwa huduma nyingine za chama. Wakala atakiwe kueleza kwa maandishi: taarifa gani zinachukuliwa, zitatunzwa kwa muda gani, nani mwingine atapewa, ada itapandaje mwaka wa pili na wa tatu, na mwanachama akionewa na kompyuta ni mtu gani wa nyama na damu atakayesikiliza shauri lake. Swali la mwaka wa pili lisisahauliwe. Yaliyowapata Waingereza tumeyaeleza. Wakala asiyeweza kujibu haya apewe muda arudi kwa wakubwa wake akaulize. Leseni yake nayo itazamwe, maana kila kampuni na kila wakala hapa nchini sharti awe amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

MASWALI YA VIKUNDI VYA KUJISOMEA

Fanyeni upya hesabu ya pikipiki mkitumia idadi ya wanachama wa chama chenu na hasara mlizopata kweli katika miaka mitatu iliyopita. Kisha jadilianeni ni nani katika chama chenu angekuwa katika wale 20. Mtu huyo akiwapo kikaoni, mpeni nafasi aseme. Andikeni pia orodha ya mambo ambayo mngekubali yapandishe ada ya mwanachama, na mengine ambayo hamngekubali hata kama hesabu inayathibitisha, mkieleza sababu. Mwisho, mfunguo wa kabati la daftari la wanachama unashikwa na nani katika chama chenu, na nakala iliyomo katika kompyuta au simu ya katibu inaonwa na nani? Majibu ya swali hili la mwisho tunaomba yaletwe ofisi ya Chama Kikuu kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu ujao.